Kupiga Picha Unguja Jua Likichwa

Mazungumzo haya yahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi, nalo ni kupiga picha za majumba mashuhuri ya mji wa pwani wakati wa jioni. Nawaomba mnistahimilie, maana jambo hili lina elimu ndani yake, tena lina hasara na faida, kama nitakavyoeleza.

Sisi wa Kikwe tu mbali na bahari. Hata hivyo, siku hizi hapana ukoo usio na mtoto aliyekwenda Dar es Salaam kwa masomo au kwa kazi, na wengine huvuka bahari wakafika Unguja. Wakirudi hutuonyesha picha katika simu zao, na aghalabu picha zile ni za namna moja: duara la jua juu ya maji, na pande zote giza. Jumba halitambulikani. Kijana mwenyewe, aliyesimama mbele ya jua akitabasamu, amekuwa mweusi kama sufuria ya jikoni. Bibi akiuliza, "Na wewe, mjukuu wangu, uko wapi hapa?" hana budi kuonyeshwa kwa kidole.

Wengi hudhani kwamba dawa yake ni kununua kamera ya thamani zaidi. Sivyo. Kijana yule ameielekeza kamera mahali jua lilipo, hali ilimpasa kuielekeza mahali nuru ya jua inapoangukia. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mtu akisha kuyatenganisha amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Wala si elimu ngeni kwetu. Mtu akisimama shambani Kikwe siku isiyo na mawingu, jua likiwa karibu kuchwa, akaligeuzia mgongo na kutazama kaskazini-mashariki, ataiona Kibo. Barafu iliyobaki kule juu, iliyokuwa nyeupe mchana kutwa, hugeuka rangi ya dhahabu, kisha ya waridi, na hudumu hivyo dakika kadhaa hata baada ya kivuli kutufunika sisi wa bondeni, maana kilele kile kina urefu wa mita 5,895 nacho huliona jua wakati sisi tumekwisha kuliaga. Kisha ageuke autazame Mlima Meru. Huo kwetu uko kaskazini, umeegemea magharibi kidogo, na nuru ya jioni huupiga ubavuni. Kwa hiyo kila bonde na kila mgongo wake huonekana wazi, kwa kuwa upande mmoja una nuru na wa pili una kivuli. Saa sita mchana mlima uleule huonekana kama ukuta uliopakwa rangi moja.

Basi hapo pana kanuni tatu. Nuru ikitoka nyuma ya mpiga picha, huleta rangi. Ikitoka ubavuni, huleta umbo. Ikitoka mbele yake, huleta weusi wenye ukingo mkali, na weusi huo si kosa siku zote, mradi uutake mwenyewe.

Sasa, kwa nini nuru ya jioni ni ya dhahabu? Nuru ya jua imechanganyika rangi zote, kama tunavyoziona katika upinde wa mvua. Ikipita hewani, chembe za hewa huitawanya rangi ya buluu kuliko nyekundu. Ndiyo sababu mbingu ni buluu. Mtaalamu wa Kiingereza aliyeitwa Lord Rayleigh alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1871. Jua likiwa utosini, nuru yake hupita hewa kidogo tu. Likifika ukingoni mwa dunia hupita hewa nyingi, kama mara 38 ya ile ya adhuhuri, na safarini rangi ya buluu hupotea karibu yote. Kinachotufikia ni manjano na wekundu. Vumbi na moshi huzidisha wekundu huo, na mwenye ng'ombe ajuaye vumbi la kiangazi katika tambarare za kusini mwetu hahitaji kuambiwa. Mwezi wa Agosti mwaka 1883 mlima wa moto wa Krakatoa ulipasuka huko Indonesia, na vumbi lake likapanda juu sana likaenea duniani, hata watu wa nchi za mbali wakashangaa kuona magharibi nyekundu kwa miezi mingi.

Vitabu vya upigaji picha huuita wakati huo "saa ya dhahabu". Jina ni zuri, lakini kwetu ni jina lenye uongo. Walioandika vitabu hivyo wengi walikaa Ulaya, ambako jua huchwa kwa kuinama ubavu, polepole. London, mwezi wa Juni, jua huchukua karibu dakika 50 kushuka sehemu ile ya mwisho ya mbingu ambayo nuru yake ni ya dhahabu. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua kwetu hushuka karibu wima, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Unguja sehemu ileile huisha kwa dakika 25 hivi. Duara lenyewe, likisha kugusa maji, huzama lote kwa dakika mbili na kidogo. Baada ya hapo yabaki kama dakika 20 za nuru ya buluu, kisha ni usiku. Mtu aliyesoma kwamba ana saa nzima, akaenda kwanza kunywa kahawa, atakuta karamu imekwisha.

Tena saa za ukutani zisimdanganye. Kikwe na Unguja twatumia saa moja, lakini jua halitumii saa yetu. Unguja iko mashariki yetu, kwa hiyo jua huchwa kule mapema kuliko huku, kwa dakika kama kumi, zikipungua au kuzidi kidogo kwa majira. Katikati ya Mei huchwa Unguja karibu na saa 12 na robo jioni. Mwanzoni mwa Februari ni karibu na saa 12 na dakika 45. Afadhali mtu afike mahali pake saa 11 na nusu, aketi, atazame.

Na kwa nini nimeichagua Unguja, wala si Dar es Salaam au Mombasa, miji ambayo nayo ina bahari na majumba? Sababu ni mahali ilipoelekea. Pwani ya bara yatazama mashariki. Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno Mombasa, kati ya mwaka 1593 na 1596, iko upande wa mashariki wa kisiwa, na kuta zake za baharini hupata nuru asubuhi. Vilevile Kanisa la Kilutheri la Azania Front pale Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani na kukamilika mwaka 1902, latazama bandari, na saa yake ni ya alfajiri. Jioni jua huchwa nyuma ya miji hiyo. Atakaye picha ya Dar es Salaam wakati wa magharibi na avuke kwa pantoni kwenda Kigamboni, kisha atazame nyuma. Ataona maghorofa, minara na meli kama maumbo meusi yaliyokatwa kwa mkasi mbele ya mbingu nyekundu. Ni picha nzuri, lakini ni picha ya maumbo; rangi ya ukuta hataipata.

Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa kwenye ncha ya kisiwa iliyo upande wa magharibi. Majumba yake makubwa yamejipanga ufukoni, yamekabili machweo, yakielekea kaskazini kidogo. Jua likishuka juu ya bahari, nuru yake yote huyapiga usoni. Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, si nyeupe sana wala si laini, na chokaa ya namna hiyo hupokea nuru ya jioni kama kitambaa kinavyopokea rangi. Kwa hiyo mtu aliyesimama Forodhani ana mbele yake mambo mawili: baharini jua lenyewe na majahazi, na nyuma yake mji uliowaka. Wageni karibu wote hutazama baharini. Mimi nasema ageuke.

Akigeuka, ataona kwanza Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17 na baadaye. Kuta zake ni nene na hazina pambo, na kwa sababu hiyo zapendeza zaidi dakika za mwisho, nuru ikiwa nyekundu kabisa. Kule mbele, kwa kufuata barabara ya Mizingani kuelekea bandarini, liko jumba lijulikanalo kwa jina la Dispensari ya Zamani, ambalo tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887. Roshani zake za mbao zimechongwa kama kamba za ususi. Jumba hili halitaki nuru ya usoni. Mpiga picha asimame upande, nuru ipite juu ya michoro ile, kila tundu litoe kivuli chake.

Katikati ya haya lilisimama Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, na hapo nataka kukaa kidogo.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said. Lilikuwa refu kuliko yote mjini, lenye baraza pana zilizoshikwa na nguzo za chuma, na watu waliliita la maajabu kwa sababu ya taa zake za umeme, kitu ambacho wengi hawajapata kukiona. Sasa, mtu akipata picha za kale za jumba hilo, ataona jambo la kushangaza. Katika zile za kwanza jumba halina mnara. Mnara upo, lakini umesimama peke yake mbele ya jumba karibu na maji, nao ni mnara wa taa wa kuongozea vyombo. Katika picha za baadaye mnara ule hauonekani tena, na badala yake pana mnara wa saa uliojengwa pamoja na uso wa jumba.

Kati ya picha hizo mbili kuna asubuhi moja. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga majumba ya kifalme, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikuwa ametwaa kiti cha usultani pasipo ridhaa ya Waingereza. Vita vile vilikwisha kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Beit el Hukm, jumba la jirani, likaharibika kabisa. Mnara wa taa ukapigwa, nao haukujengwa tena mahali pake. Twayajua haya katika vitabu. Lakini sura ya mahali pale kabla na baada ya mizinga twaijua kwa kuwa walikuwapo watu wenye kamera. Mmoja wao alikuwa A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, aliyekuwa na studio ya picha Unguja tangu karne ya 19. Kamera za siku zile zilikuwa sanduku zito juu ya miguu mitatu, na picha ilinaswa juu ya kipande cha kioo.

Jumba la Maajabu lilipona mwaka 1896. Halikupona baadaye. Mwaka 2012 sehemu ya baraza lake ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa likikarabatiwa, sehemu kubwa yake pamoja na mnara iliporomoka. Mafundi wawili walikufa. Mji Mkongwe wote ulikuwa umeandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini kuandikwa hakuzuii chumvi kula chuma wala mvua kulainisha chokaa.

Fikirini basi ni picha ngapi zilizopigwa pale Forodhani katika miaka kumi kabla ya siku ile. Maelfu kwa maelfu. Na katika maelfu hayo, ni ngapi zilizolipa jumba mgongo na kutazama jua tu! Fundi atakaye kujenga upya ahitaji kujua ukingo wa dirisha ulikuwaje, nguzo ya tatu iliinama kiasi gani, ufa ulianzia wapi. Hapo ndipo nuru ya jioni ionyeshapo thamani yake isiyo ya urembo. Nuru ya adhuhuri huanguka toka juu na kufuta kila kitu ukutani. Nuru iliyolala hufichua. Ufa mwembamba kama uzi hutoa kivuli. Chokaa iliyovimba, ambayo jicho haliioni mchana, huonekana kama jipu. Mafundi wa majumba ya kale hata hutumia taa iliyowekwa ubavuni mwa ukuta, usiku, kwa kusudi hilohilo. Jua lafanya kazi hiyo bure kila siku.

Majira nayo yana sehemu yao. Mwezi wa Juni jua huchwa kaskazini ya magharibi, na nuru huyapata majumba ya ufukoni karibu usoni kabisa. Tena ni majira ya kusi, mvua za masika zimekwisha, hewa ni safi. Mwezi wa Desemba jua huchwa kusini ya magharibi, na nuru hupita juu ya kuta kwa kuzigusa tu. Atakaye rangi na aende Juni au Julai; atakaye kuona nyufa na michoro asidharau Desemba. Mawingu si adui. Mbingu tupu huleta jua zuri na jioni fupi, bali mawingu ya juu, membamba, hupokea rangi baada ya jua kuzama na kuirudisha chini juu ya mji mzima.

Nije sasa kwenye chombo chenyewe. Simu ya kawaida yatosha. Kwanza apanguse kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana upepo wa bahari huacha chumvi, na chumvi hufanya nuru itawanyike kama ukungu. Pili aelewe akili ya simu. Simu hupima nuru yote iliyo mbele yake na kuchagua kadiri ya kati. Jua likiwa ndani ya picha, simu husema, "Hapa nuru imezidi," hupunguza, na jumba hutumbukia gizani. Kwa hiyo, jua lisiwemo. Kama ni lazima liwemo, aguse kwenye kioo cha simu pale penye kitu anachokitaka kionekane, na simu itapima upya kwa kitu hicho. Akitaka umbo jeusi la jahazi, aguse mbinguni pale palipong'aa.

Asivute picha karibu kwa vidole, bali atembee kwa miguu. Kuvuta kwa vidole huikuza picha na kuipunguzia nguvu. Taa ya kamera aizime, kwa kuwa mwanga wake haufiki hata ng'ambo ya barabara. Jua likisha kuzama, simu huhitaji muda mrefu zaidi kukusanya nuru, na mkono ukitikisika kidogo picha hukoroga. Aegemee ukuta au aiweke simu juu ya jiwe. Dakika zile za buluu wengi hufunga virago, nao wanakosea, maana ndipo taa za Forodhani zinapowashwa na wauza vyakula wanapotandaza meza zao, na kwa dakika chache nuru ya mbingu na nuru ya taa huwa sawasawa. Mwenye kamera yenye tundu la kuchungulia asilitazame jua kwa tundu hilo. Kioo hukusanya moto wa jua, na jicho lililoungua kwa ndani haliponi.

Lazima niseme neno juu ya adabu, kwa sababu Unguja si bustani ya wanyama. Saa ya machweo ni saa ya adhana ya Magharibi. Watu huelekea msikitini, na mwezi wa Ramadhani ndipo wanapofuturu. Kumsogezea mtu kamera wakati anatia tende mdomoni ni ukosefu wa malezi popote. Vijana wanaoruka majini pale ukutani ni watoto wa watu. Salamu kwanza, "Shikamoo" kwa mkubwa, kisha ruhusa, kisha picha. Na akikataa, basi imekwisha. Majengo ya jeshi na Ikulu hayapigwi picha, hiyo ni sheria Bara na Visiwani.

Wanafunzi wa Kikwe wanaweza kujifunza kazi hii pasipo nauli ya meli. Chagueni jengo moja la kale hapa petu, shule au kanisa au nyumba ya udongo ya babu ambayo bado imesimama. Lipigeni picha kutoka mahali palepale saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, na jioni robo saa kabla ya jua kuchwa. Ziwekeni picha tatu pamoja na mhesabu katika kila moja ni nyufa ngapi mnaziona. Kisha zipelekeni studio zikasafishwe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huanguka majini na huibiwa, na nyuma ya kila picha andikeni kwa kalamu tarehe, saa, jina la jengo, na mahali mliposimama.